Gitaa Lililopimwa kwa Zebaki

Wanangu, picha zenu nazipata. Karibu kila wiki simu yangu inalia, nikiifungua nakuta gitaa jipya limelazwa kitandani juu ya shuka safi, kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Chini ya picha mmeandika, "Mama Kulwa, unalionaje?" Mimi hujibu neno moja: "Zuri." Nasikia mnalalamika kwamba jibu langu ni fupi. Ni fupi kwa sababu swali limekuja mapema. Niulizeni likishafikisha miezi sita.

Nilikuwa mpiga solo. Kwa miaka thelathini na miwili nilipiga kwenye bendi za harusi kati ya Shinyanga na Geita, mpaka viungo vya vidole viliponikatalia nikakaa chini. Sehemu kubwa ya miaka hiyo nilipiga magitaa ya watu: la kiongozi wa bendi, la parokia, la mwenye ukumbi, na moja ambalo shingo yake ilikuwa imeungwa kwa gundi ya seremala na misumari miwili. Gitaa jipya kabisa, lenye harufu ya boksi, nilipata moja tu, na nilipolipata nilikuwa tayari naitwa bibi. Hilo ndilo nataka kuwaeleza leo, maana nusura linitoe kazini.

Lilikuwa gitaa la bei ya kati. Mnajua maana yake. Si lile la kujifunzia ambalo likianguka unacheka, wala si lile la wakubwa ambalo mwenyewe anaogopa kulitoa nje. Ng'ombe wawili walitoka zizini, gitaa likaja kwa basi kutoka Dar es Salaam. Lilikuwa la bluu iliyokolea, na vyuma vyake vyote vilikuwa na rangi ya dhahabu: masikio ya kukazia nyuzi, daraja, na kile kibati kinachozunguka tundu la kuchomekea waya. Kwenye jua lilikuwa linaumiza macho.

Mume wangu, Baba Kulwa, aliniona nikinawa mikono kwa sabuni kabla ya kulishika.

"Mimi hukuninawia hata siku ya ndoa," akasema.

"Wewe hukuja na boksi," nikamjibu.

Miezi mitatu tulikaa hivyo, mimi na gitaa. Nililifuta kwa fulana ya pamba kila nikimaliza kupiga. Sikuruhusu mtu aliguse. Ile karatasi ya nailoni inayokingia mbele sikuibandua, ikawa inapukutika yenyewe pembeni kama ngozi ya nyoka. Msicheke, najua wapo kati yenu ambao hadi sasa hawajaibandua.

Mwezi wa nne tangu nilinunue mambo yakaanza. Uzi wa nne ukiubana katikati ya shingo ulikuwa unatoa mlio wa nzi aliyenaswa kwenye chupa. Uzi wa tatu ukawa hautulii. Unautyuni, unapiga wimbo mmoja, unarudi unakuta umeshuka. Halafu waya ukawa unalegea kwenye tundu lake. Hakuna hata kimoja katika hivyo ambacho kingemzuia mtu kufanya kazi. Magitaa ya zamani niliyoyapiga yalikuwa na maovu makubwa kuliko hayo, nikayavumilia kwa sababu hayakuwa yangu. Hili nililitoa zizini kwangu. Kila kasoro yake niliisikia kama tusi.

Nikawa situlii. Niliweka nyuzi nyembamba, baada ya wiki nikaweka nene, baada ya wiki nyingine nikarudisha nyembamba. Nilipandisha daraja asubuhi, nikalishusha jioni. Nililaumu amplifaya, nikalaumu umeme, nikalaumu mafuta ya kupakaa mikononi. Kilichokuwa kibaya zaidi ni simu. Nilikuwa nakaa barazani na gitaa langu mapajani huku nikitazama picha za magitaa mengine, yale ya kahawia, yale meusi, yale yaliyochubuka vizuri. Baba Kulwa alipita akachungulia.

"Mwaka wa pili wa ndoa ulikuwa unatazama majirani hivyohivyo," akasema, akaenda zake kuchunga.

Wakati huo nikaenda Maganzo kwa Fundi Luhende. Huyu ndiye aliyenifundisha nusu ya ninachokijua kuhusu kilichomo ndani ya chombo. Alikuwa anatengeneza redio, simu, na ile mizani midogo ya wanunuzi wa almasi. Msidhani alikuwa malaika. Mwaka mmoja aliniunganishia waya za gitaa la parokia vibaya, likawa linanasa redio. Bibi harusi anaingia ukumbini, watu wamesimama, spika yangu ikaanza kusoma matangazo ya vifo. Nilipomrudia na hasira akaniuliza kama mawimbi yalikuwa yanasikika vizuri.

Nilifika kwake mwezi wa nane, kiangazi kikali, kidole changu cha shahada kimechanika.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimu kwa Kisukuma, akiniita mama, bila kuinua macho kutoka kwenye redio aliyokuwa ameifungua.

"Mwangaluka, Fundi. Gitaa hili limeota meno. Limenikata."

Akapitisha kiganja kwenye ukingo wa shingo, juu kwenda chini. "Halijaota kitu. Mti umesinyaa. Vyuma havisinyai. Ulitaka viende wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo nawaomba mliandike. Gitaa limetengenezwa mahali penye hewa ya unyevu, likasafiri, likafika kwetu Shinyanga ambako mwezi wa nane hata midomo ya watu inapasuka. Ubao wa shingo unapungua upana kwa unene wa unywele, na vile vyuma vidogo vilivyolala juu yake vinabaki na urefu wake wa kiwandani. Ncha zinatokeza. Fundi Luhende alifunika ubao kwa utepe wa karatasi wenye gundi, akachukua tupa ndogo akazikata ncha moja moja, kisha akapitisha msasa laini. Ilimchukua mchana mzima. Akaniambia kiangazi niweke ndani ya begi la gitaa kisahani cha sabuni chenye matundu, ndani yake kitambaa kibichi kilichokamuliwa sawasawa, na nikienda Geita wakati wa mvua nikitoe. Nimefanya hivyo hadi leo.

Alipokuwa ananirudishia, akaligeuza mgongo.

"Umewahi kulifungua?"

"Fundi, jipya hili."

"Nimekuuliza kama umelifungua."

"Sitaki kulikwaruza."

"Basi hujalinunua, mayu. Duka limekuazima."

Nilichukia. Nikapanda basi nikimjibu kimoyomoyo njia nzima, na bisibisi sikuigusa.

Ngoja niwape na lile la umeme, lisije likanipita. Kwenye harusi za vijijini umeme wetu ulitoka kwenye jenereta, na jenereta nyingi hazina waya wa ardhini. Ushirombo niliwahi kusogeza mdomo kwenye kipaza sauti huku vidole viko kwenye nyuzi, nikarushwa nyuma nikaangukia ngoma. Wageni walipiga makofi, walidhani ni mtindo. Tangu siku hiyo, kabla ya kuimba, nilikuwa nagusisha nyuzi za gitaa kwenye kichwa cha kipaza sauti. Ukiona cheche, usiimbe. Mwambie mwenye jenereta apigilie nondo ardhini, afunge waya, amwagie maji. Akikuita mwoga, mwambie aimbe yeye.

Sasa turudi kwenye gitaa la bluu. Mvua zilipoanza tulipata harusi Katoro. Tulitoka Shinyanga kukavu, tukafika kule nguo zinakataa kukauka. Shingo ya gitaa ilikunywa hewa ile usiku kucha. Siku ya pili, katikati ya wimbo wa kuwapokea wazazi, uzi wa tatu ukashuka, wa nne ukaanza mlio wake wa nzi, nikahangaika kukaza huku napiga, nikakaza uliokuwa sahihi. Mama mmoja wa upande wa bwana harusi alisema kwa sauti, "Huyo bibi analichuna au analipiga?" Meza nzima ikacheka.

Kiongozi wetu wa bendi aliitwa Makoye. Tulianza kazi pamoja, na hakuwa mtu wa kelele. Alinifuata wakati tunafunga vyombo.

"Mama Kulwa, shemeji yangu ana kinanda."

"Najua."

"Kinanda hakishuki. Mvua, jua, kinalia vilevile."

"Sema unachotaka kusema, Makoye."

"Wiki mbili zijazo tuna harusi Rwamgasa. Gitaa likituaibisha tena, solo inahamia kwenye kinanda. Si kwa ubaya. Wewe mwenyewe ungefanya hivyo."

Kweli ningefanya hivyo, na hilo ndilo lililoniuma. Nilikuwa na umri ambao mwanamke akitoka kwenye bendi hakuna bendi nyingine inayomwita. Ningerudi nyumbani kukoboa karanga huku mikono bado inajua kazi.

Mtu mwenye akili angetumia wiki mbili zile kutafuta ugonjwa wa gitaa lake. Mimi nilizitumia kutafuta gitaa jingine.

Kule Rwamgasa aliishi Shija. Miaka ya nyuma alikuwa akinipigia rithim, kisha akaiacha bendi akawa mnunuzi wa dhahabu za wachimbaji wadogo. Shija alikuwa na gitaa la zamani, la kahawia, limechakaa pale mkono unapolala, lenye sauti nene inayokaa hewani. Nililitamani miaka mingi na kila nilipomgusia alinikatalia. Safari hii nikampigia simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Shija. Lile la kahawia bado unalo?"

"Lipo, linakula vumbi. Wewe nasikia una la bluu lenye dhahabu."

"Rangi tu."

"Njoo nalo, mama. Likinipendeza tunabadilishana, roho safi."

Harusi ilikuwa Jumamosi. Nikatangulia Ijumaa peke yangu. Nyumba ya Shija ilikuwa karibu na karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, na kila kitu pale kilikuwa na unga wa kijivu, hadi majani ya mgomba. Alikuwa amekaa uwanjani na wenzake wawili. Nikafungua begi. Walisogea wote watatu. Halafu mmoja, aliyevaa kofia ya pama, akainama kwenye yale masikio.

"Hii dhahabu," akasema.

"Rangi hiyo," akasema Shija.

"Rangi gani isiyochubuka? Mimi nimeshika dhahabu nikiwa mgongoni mwa mama yangu."

Wakaanza kubishana. Mke wa Shija akaniita ndani kula. Alikuwa amepika sato na ugali wa muhogo, na nilikuwa na njaa ya safari. Najua mnachotaka kuniuliza. Mtu haachi gitaa lake mikononi mwa watu akaenda kula. Mimi niliacha. Moyoni lilikuwa si langu tena. Nilishaanza kulisikia la kahawia vidoleni.

Nilipotoka, masikio matatu kati ya sita yalikuwa meupe kama kijiko cha bati. Daraja lilikuwa na doa jeupe la ukubwa wa sarafu. Kibati cha tundu la waya kilikuwa cheupe chote. Yule wa kofia ya pama alikuwa ameshika kichupa cha zebaki, anatabasamu kama mtu aliyeshinda kesi.

"Shija, mmefanya nini?"

"Tumepima tu, mama."

"Mmepima nini?"

"Imekamata!" akasema yule wa kofia. "Nilimwambia huyu ni dhahabu akabisha. Ingekuwa rangi tupu zebaki isingekamata hivi. Mama, umepakiwa dhahabu kweli, ila nyembamba sana. Hata kuichoma hailipi."

"Nani kakuambia uichome? Gitaa linapimwa kwa kupigwa!"

"Kwenu huko. Huku hatununui sauti."

Kwa watu wasiojua, zebaki ndiyo dawa wanayotumia wachimbaji kukusanyia dhahabu: inaishika, inaimeza, zote zinakuwa donge jeupe. Kwao kupima kwa zebaki ni kama nyinyi mnavyobonyeza embe sokoni. Hawakuwa na nia mbaya hata kidogo.

Shija aliligeuza gitaa huku na huku.

"Sasa limekuwa jeupe, mama," akasema, kana kwamba limejigeuza lenyewe. "Mimi nililitaka kwa ile rangi."

Nililifunga nikaondoka bila kuaga vizuri, jambo ambalo sijazoea. Kwenye nyumba ya wageni sikulitoa kwenye begi.

Jumamosi saa nne asubuhi nikachomeka waya ili nijaribu vyombo. Spika ikakwaruza mara mbili, ikanyamaza. Nikatikisa waya, kimya. Nikabadilisha waya, kimya. Makoye alikuwa anafunga spika upande wa pili. Alisikia ukimya ule kama nilivyousikia mimi.

"Harusi inaanza saa nane," akasema. "Kinanda kimeshachomekwa."

Akarudi kwenye spika zake.

Nikachukua bisibisi. Nikalipeleka gitaa nje, upande upepo unakotokea, nikalilaza juu ya gunia, nikafungua kile kibati. Ndani kulikuwa na tone la zebaki lililoteleza kupitia tunduni wakati wanapima, limekaa juu ya risasi iliyoshika waya. Zebaki inakula risasi ya kuchomelea kama inavyokula dhahabu. Pale palipokuwa na kiungo kigumu palikuwa na tope la kijivu, na waya mmoja umeachia kabisa.

Hapa sikilizeni kwa makini, hasa mnaopiga kwenye machimbo. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye chuma cha kuchomelea. Ningekiwasha, ningeupata moshi wa zebaki wote puani, na moshi ule hauna harufu, unakuja kukudai baadaye kwa kutetemeka mikono. Fundi Luhende aliniambia zamani, kwa ukali wake, kwamba palipogusa zebaki moto haupiti. Kwa hiyo nilivaa mfuko wa nailoni mkononi, nikayanyanyua matone kwa utepe wa gundi, nikayatia kwenye chupa yenye maji nikafunga kizibo. Nikazikata waya zote mbili kwa kurudi nyuma, mpaka penye shaba safi. Lile tundu lote nikaling'oa.

Nikahitaji tundu jingine. Bendi yetu ilikuwa na amplifaya iliyokufa miaka mingi, tuliyoendelea kuibeba kwa sababu mpiga besi alikuwa anaikalia. Shemeji wa Makoye, yule wa kinanda, aliniona naigeuza.

"Unatafuta nini, mama?"

"Tundu la waya."

Alikuwa na kila sababu ya kwenda kunywa soda. Badala yake akapiga magoti, akaifungua, akanitolea tundu zima pamoja na waya zake ndefu. "Ili ukishindwa usiseme ni mimi," akasema. Nikasokota shaba kwa shaba, nikafunga utepe, nikalikaza.

Kwa kuwa nimeshalikwaruza, nikasema na liende. Nikaligeuza mgongo. Kule kuna skrubu nne zinazoshikanisha shingo na mwili. Nikaweka bisibisi kwenye ya kwanza ikazunguka kama mfuniko wa chupa. Ya pili vilevile. Mti ulisinyaa kiangazi, skrubu zikabaki zimelegea, na kwa miezi ile yote shingo ilikuwa inacheza kila nikibana. Nilibadilisha nyuzi mara sita. Nililaumu hadi mafuta ya mikono. Kumbe kazi ilikuwa ya mizunguko michache ya bisibisi ambayo niliogopa kuigusa nisije nikaharibu rangi. Nikazikaza kwa zamu, moja huku, moja kule, nikasugua ncha ya penseli kwenye vijia vya nyuzi pale juu ili uzi uteleze usikwame, nikatyuni. Nikachomeka.

Likalia. Mlio wa nzi ulikuwa umekwisha. Uzi wa tatu ulikuwa bado unataka kushuka, lakini kwa unyonge.

Saa nane kasoro robo Shija akafika kwa bodaboda, amekumbatia kitu kilichofungwa kwa blanketi. Hakunitazama usoni.

"Mama, sikulala. Mke wangu amenisema sana. Chukua hili, tufidiane." Akafunua. Lilikuwa lile la kahawia.

Makoye alikuja haraka. "Hilo ndilo, Mama Kulwa. Lile lenye viraka liweke pembeni."

Nikalipokea. Nikalipitisha mkanda begani, nikachomeka, magari ya harusi yakaanza kupiga honi getini.

Sauti yake, wanangu, ilikuwa kama nilivyoiota. Nene, tulivu, hakuna hata punje ya kelele. Bibi harusi akaingia. Nikaanza kupanda kwenda juu ya shingo kama ninavyopanda siku zote, kidole kikatua mahali ambapo hapakuwa mahali pake. Shingo ya gitaa lile ilikuwa pana zaidi na alama zake zilikuwa zimefutika. Nikarekebisha, nikakosea upande wa pili. Nikateremka kwenye sauti za chini ili nijifiche, kinanda kikaniziba pengo kwa heshima. Wageni hawakujua. Makoye alijua, aligeuza shingo taratibu kama bundi, akanitazama, akarudi mbele.

Wimbo ulipoisha nilikuwa na muda wa kunywa maji mara moja. Nikachomoa. Nikamrudishia Shija la kahawia pale chini ya jukwaa, nikavaa la bluu lenye madoadoa.

"Unafanya nini?" Makoye akaninong'oneza.

"Hesabu wimbo," nikamwambia.

Akahesabu mpaka nne. Ulikuwa wimbo wa kuwachezesha wazazi, ule wa kasi, unaotaka solo isimame peke yake mwanzoni. Sikufikiri. Vidole vilikwenda kwenye njia yao. Uzi wa tatu ukaanza kushuka katikati, nami nikausukuma kidogo kwa ncha ya kidole kila nilipofika hapo, nikaurudisha kwenye sauti, nikapita. Nilipousukuma mara ya nne ndipo nikagundua kwamba nimekuwa nikifanya hivyo kwa miezi bila kujijua. Mkono ulikuwa umeshajifunza gitaa wakati mimi nalitukana. Akina mama wa Kisukuma wakainuka na leso zao, vumbi likapanda mpaka magotini, na wazazi wa bwana harusi wakaomba wimbo urudiwe.

Jua lilikuwa bado lipo tulipokuwa tunafunga vyombo. Makoye alikuwa na desturi ya kutangaza majina ya watakaosafiri wiki inayofuata. Alisimama kando ya gari, kipande cha karatasi mkononi.

"Jumamosi, Kahama. Besi, yuleyule. Ngoma, yuleyule. Solo." Akapangusa jasho. "Solo, Mama Kulwa."

"Na mimi?" shemeji yake akauliza.

"Na wewe. Ukae kushoto kwake umfuate. Akisukuma uzi usimkimbilie."

Nikakaa juu ya ile amplifaya mbovu. Shija akaja akasimama mbele yangu, la kahawia liko begani kwake, limefungwa tena kwenye blanketi. Jua la jioni lilikuwa linapiga ile sehemu ya shingo iliyojitokeza nje, pale palipochakaa vizuri.

"Sasa mama, hili nikuachie?"

"Rudi nalo."

"Kweli kabisa? Nimekupa kwa moyo mmoja."

"Wabeja, asante sana, Shija. Panda bodaboda uondoke nalo sasa hivi, kabla sijabadilisha mawazo."